Spana ya 3/8 isiyoingia popote

Watu wakishajua tu kwamba unapenda magari ya kizamani basi umekwisha, kila chuma kikiokotwa stoo kwa mzee unaletewa wewe, "hebu cheki hii ni ya nini". Siku hizi naletewa spana tupu, na karibu kila mwenye nazo anasema ni mbovu, haziingii kwenye nati yoyote, anataka awauzie watu wa vyuma chakavu. Jamani subirini kwanza.

Sisi tumezoea gari za Kijapani. Unasema nipe kumi, nipe kumi na mbili, nipe kumi na nne, na ile namba ndio upana wa mdomo wa spana kwa milimita, biashara imeisha. Sasa unashika spana ya Kiingereza imegongwa 3/8 W, unapima mdomo kwa vernia, kile kipimio cha kubana chenye taya mbili, unakuta milimita 18, wakati 3/8 ya inchi ni kama 9.5 tu! Hawakukosea. Hiyo W ni Whitworth, yule Mwingereza Joseph Whitworth aliyeleta kipimo chake cha boliti mwaka 1841, na kwake namba inataja unene wa boliti yenyewe, pale penye meno, sio kichwa unachokamata na spana.

Halafu mwaka 1908 ikaja BSF, kipimo kingine cha boliti cha Waingereza, meno yake ni madogo zaidi na kichwa kimeshuka saizi moja, ndio maana mdomo mmoja wa spana unakuta umeandikwa mara mbili, 3/8 W na pembeni 7/16 BS, hiyo BS ndio BSF. Land Rover Series I, zile za 1948 mpaka 1958, zimejaa BSF. Hapo ndipo gereji zinapoua nati za watu, maana mdomo wa 1/4 W ni kama milimita 13.3, kwa hiyo 13 inagoma, fundi anachukua 14, inacheza, anaongeza bomba mbele apate nguvu na kona zote za nati zinakwenda na maji. Mimi spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, kwenye gari kama hizi siitaki hata kuiona.

Ukikuta spana imegongwa AF shusha pumzi, hiyo namba ni upana wa mdomo kweli, ila kwa inchi. BA ni vijispana vidogo vya mambo ya umeme na dashibodi, na namba zake zinarudi nyuma, 0 ndio kubwa, ukipanda namba boliti inapungua.

Kiboko ni MG za TC, TD na TF, zile gari ndogo za michezo za Kiingereza. Injini yake boliti zina meno ya milimita lakini vichwa ni vya Whitworth, usicheke, ni kwa sababu Morris, tajiri wa magari aliyekuwa mwenye MG, alinunua kiwanda cha Wafaransa wa Hotchkiss pale Coventry mwaka 1923, mashine zikawa za milimita, na mafundi wa Uingereza spana walizonazo ni za Whitworth, sasa utafanyaje. Ukipoteza boliti moja ya hiyo injini usiende dukani kichwa kichwa.

Na kile kijiti cha mbao chenye mpira wa kunyonya kwenye ncha, wengi wanadhani ni cha kuzibulia sinki. Ni cha kusagia valvu: unapaka dawa ya kusagia, mpira unanasa uso wa valvu, unakizungusha katikati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, unainua, unageuza kidogo, unarudia mpaka uone mduara wa kijivu umekamilika pande zote.

Kabla hujaniletea kitu, osha na mafuta ya taa na brashi ya waya, grenda hapana, inafuta maandishi. Herufi zikiwa hafifu sugua chaki juu yake halafu pangusa, unga unabaki kwenye mikwaruzo na utasoma vizuri tu. Na pima mdomo kwa vernia, sio rula ya mtoto wa shule.