Nilivyomaliza tatizo la maji kwenye dizeli ya mashua

Mashua yangu ni ya tanga ila ina injini ya dizeli ndani, ndo inaniingiza ghuba ya Mikindani upepo ukikata. Sasa ikawa na tabia moja, ikiwa imetia nanga inanguruma vizuri kabisa, ukitoka nje ukakutana na mawimbi ya kusi haichukui muda inaanza kukohoa halafu inazima, na kuzimikiwa pale mlangoni mwa ghuba, mwamba uko pembeni, si mchezo jamani. Fundi akasema nozeli (zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini), tukasafisha nozeli, wapi.

Nikaona bora niangalie tangi lenyewe. Maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanakaa chini kabisa, chombo kikitulia yanatulia, kikianza kuyumba uchafu wote wa chini unanyanyuka unavutwa na mpira wa kunyonyea filta inaziba. Nikaacha mashua ilale usiku kucha, alfajiri kabla mtu hajapanda nikafungua nati ya chini ya tangi nikakinga kwa chupa, na iwe ya kioo ndo utaona: chini maji, juu dizeli, katikati utando mweusi unateleza kama mlenda. Ule utando ni bakteria na fangasi, wanakula mafuta ila bila maji hawaishi, ndo maana wanakaa pale pale yanapokutana. Ukibadilisha filta tu maji ukayaacha, hela yako imepotea, hata hiyo mpya itaziba.

Haya, maji yametoka wapi? Wengi hapa wanakimbilia kulaumu sheli. Mi nikamwaga yale maji kidogo kwenye bati juani, yalivyokauka bati likabaki na weupe wa chumvi. Kumbe ya bahari! Kifuniko cha kujazia mafuta kipo sitahani na oringi yake (ule mpira wa duara wa kuzibia) imepasuka, kila wimbi likipanda linaacha kidogo. Oringi yenyewe bei yake ni ndogo kuliko filta.

Tangi nikalitoa dizeli yote nikalikwangua nikalifuta (ile ya zamani usimwage baharini tafadhali, tunavua humo humo), mpira wa kupumulia nikaupandisha juu mdomo ukaangalia chini, na kabla ya filta ya injini nikafunga sidimenta, kichujio cha kutenga maji, yenye bakuli la kioo. Baada ya hapo lazima utoe hewa iliyoingia njia ya mafuta, unalegeza skrubu ya juu ya filta unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe yatoke mafuta matupu, ndo unakaza.

Siku hizi nikiegesha najaza tangi, naacha nafasi kidogo tu ya mafuta kutanuka, maana tangi nusu linatoa jasho ndani usiku na unyevu wa huku kwetu mnaujua, mvua zikianza ndo usiseme. Dizeli ya madumu naiacha itulie kwanza, namimina ya juu, ya mwisho inabaki dumuni. Na kabla ya kuwasha nachungulia lile bakuli, nikiona tone la maji nalifungulia kwanza. Kusi hii injini haijanizimikia mlangoni.