Siku ya Kusubu Herufi n

Ilikuwa Februari, Antwerp, Ubelgiji, katika karakana ndogo isiyo mbali na jumba la makumbusho ya uchapaji la Plantin-Moretus, nilipokabidhiwa kalibu ya mkono, chombo cha kusubia herufi za madini za kuchapia vitabu. Ni vipande viwili vya chuma vya umbo la L, vimevikwa mbao kwa nje visiunguze viganja. Ukivikutanisha, kati yake hubaki tundu. Wengi humsifia Gutenberg, mchapaji wa Mainz, Ujerumani, wa karne ya 15, kwa mashine ya kukandamizia karatasi, lakini mashine za namna hiyo zilikuwa zikikamua zabibu tangu kale. Kwangu ajabu yote imo katika tundu hili: ukisogeza vipande, upana hubadilika, i ikatoka nyembamba na m ikatoka nene, ilhali kimo cha mwili wa herufi hakitikisiki.

Kama Gutenberg mwenyewe alikuwa nayo, hilo lina mjadala. Mwaka 2001 watafiti Paul Needham na Blaise Agüera y Arcas walionyesha kwamba herufi ileile, katika chapa za mwanzo za Mainz, hutofautiana mno kuwa imetoka kwenye matrisi moja ya shaba, yaani kipande kinachoipa herufi sura yake.

Matrisi yetu ilikaa chini ya tundu: kipande cha shaba kilichogongwa kwa muhuri wa feleji hadi n ikazama ndani yake, kimebanwa na springi. Chunguni mlikuwa na kilo 7 za risasi, 2 za antimoni na 1 ya bati. Antimoni hutia ugumu na kupunguza kusinyaa. Bati hurahisisha mtiririko. Fundi alitumbukiza ukanda wa karatasi. Ulipogeuka kahawia bila kushika moto, tukaanza.

Unachota kwa upawa mdogo, unamimina, na papo hapo unaitupa kalibu juu kwa mkono na kuikatiza ghafla. Mtupo huo ndio unaosukuma madini hadi kwenye ncha za herufi kabla hayajaganda. Wangu ulichelewa: n ya kwanza ilikosa mguu. Ya pili vilevile, na ya kumi, kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi. Ilipofika ya 20 hivi ikapata moto, sura zikajaa.

Hapo nikaanza kumimina kwa pupa. Hewa ikanaswa ndani. Fundi alikata moja kwa msumeno: usoni nzuri, tumboni shimo. Herufi kama hiyo hubonyea mashine inapoigandamiza, na mstari mzima huonekana umefifia mahali pamoja.

Joseph Moxon, aliyeandika juu ya uchapaji huko London mwaka 1683, alisema msubuji wa kawaida hutoa herufi 4000 kwa siku. Kufikia saa sita mchana mimi nilikuwa na 40.

Tulivunja mikia ya madini yaliyogandia kwenye mdomo wa kalibu, tukasugua mbavu kwenye jiwe, tukachonga mfereji chini ya wayo kwa randa, kisha tukapima kimo toka wayo hadi uso: milimita 23.56, kwa kipimo cha Kifaransa. Zilizofaa zilikuwa 11. Nyingine zilirudi chunguni.