Jinsi tulivyolipata faili la nyumba ya Nguba

Mama mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, aliniita: taa za sebule zinajizima saa mbili usiku, wageni wakiwa mezani. Mfumo wake ni KNX, mtandao unaounganisha taa na vitufe vya nyumba ili viamrishane. Vifaa vimo ukutani, lakini mpango mzima hukaa katika faili la ETS (zana ya kompyuta ya kupangia KNX), lile linaloishia na knxproj, na lilikuwa kwa fundi wa kwanza. Bila faili hilo unafuata kifaa kimoja kimoja, unabonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka, unapanga anwani upya.

Fundi akasema, "Mama, programu ni yangu." Sheria ya Kongo ya 1986 humpa mtunzi haki za kazi yake, na mkataba wao haukutaja faili popote. Lakini haki ya kutunga si haki ya kumfungia mtu nyumba yake!

Tukaandika karatasi: fundi abaki na programu yake, aitumie popote, mama apewe nakala na nywila, aruhusiwe kuibadilisha kwa nyumba hii tu, hata kwa fundi mwingine. Akaongezewa pesa kidogo, akakubali. Faili likaja kwenye flashi, nikasahihisha saa ya kuzima taa.

Kifungu hicho sasa nakiweka katika kila mkataba kabla ya kuvuta waya.