Mkaa Haufutiki Ukaisha

Mwalimu wetu wa uchoraji hakupenda kueleza sana. Jioni ile alizima taa, akawasha projekta, akasema tu, "Tazameni mkono wake unavyofanya kazi." Ilikuwa filamu fupi ya William Kentridge, mchoraji wa Johannesburg, inayoitwa Mine, ya mwaka 1991. Karibu yote ni mkaa mweusi juu ya karatasi.

Soho Eckstein, tajiri mwenye mgodi, yuko kitandani anapata kifungua kinywa. Mbele yake pana chombo cha kahawa, kile chenye mchujio unaosukumwa chini kwa mkono. Anausukuma. Mchujio unafika kwenye kitako na haukomi: unatoboa sinia, unatoboa kitanda, unazama ardhini mpaka kwa wachimbaji waliobanana huko chini. Nilikuwa nimeshasoma mengi kuhusu migodi ya dhahabu na utawala wa makaburu, lakini hakuna ukurasa ulionifikisha kwenye starehe ya yule na jasho la hawa kwa mkupuo mmoja namna ile.

Kisha akatuwekea Felix in Exile, ya 1994, mwaka ule ule Waafrika Kusini wote walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Mwanamke mpima ardhi, Nandi, anachora mandhari. Maiti zimelala uwandani, damu inatoka, magazeti yanapeperuka na kuzifunika, halafu ardhi inazimeza. Hapo nikauelewa ule mkono. Kentridge hachori karatasi mpya kwa kila tendo kama watengenezaji wengi wa katuni. Anachora mchoro mmoja ukutani, anaiendea kamera, anapiga picha, anarudi, anafuta kidogo, anachora tena pale pale. Kila kilichofutwa kinaacha kivuli cha kijivu, nacho kinaonekana kwenye filamu. Wakati nchi nzima inajiuliza ikumbuke nini na isahau nini, karatasi yake ilikuwa haisahau.

Taa zilipowashwa, mwenzangu mmoja hakuridhika. "Mwalimu, mbona Kentridge hamtaji mkosaji waziwazi? Gado angechora kibonzo kimoja tu, mtu akakielewa akiwa kwenye foleni." Hoja yake ilikuwa na uzito, na sikuipinga: kuna siku ujumbe haungoji.

"Haya, choreni," mwalimu akasema, akatugawia vipande vya mkaa.

Nilichora safu ya wauza mboga na meza zao, kisha nikaanza kuwafuta mmoja mmoja, kama wanavyoondolewa barabarani. Wa tatu alinishinda. Nilisugua mpaka karatasi ikatoka nyuzi, na bado bega lake na ukingo wa kapu vilionekana. Pembeni, mwenzangu alimaliza kibonzo chake upesi: askari, rungu, na maneno mawili makali mdomoni mwa mama anayekimbia. Kilikuwa kizuri kwelikweli, darasa zima likacheka na kupiga makofi.

Kwangu hakuna aliyecheka. Waliinama, wakaanza kuhesabu vivuli, wengine wakiona vitatu, wengine vinne. Mmoja akauliza hao walioondolewa wamekwenda wapi, na mwenye kibonzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu. Tukabishana, mwalimu naye akiwa katikati, mpaka mlinzi alipokuja kutuambia anafunga.