Tovuti ya Dagaa na Ufunguo Nilioondoka Nao

Mama yangu, pale Ujiji, akiulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani Ujerumani, hujibu: "Anakaa na kompyuta." Haongezi neno. Nimemweleza mara nyingi kwamba natengeneza tovuti za maduka madogo na vyama, kwamba sina bosi, wateja nawatafuta mwenyewe. Yeye anachosikia ni kwamba sina bosi, yaani sina kazi. Na kuna miezi ambayo akisema hivyo sina cha kubisha.

Naishi Münster, mwaka wa tisa huu. Wateja wangu si watu wa kutisha: fundi seremala, mkunga, duka la baiskeli kule Papenburg. (Mwenye duka nilipomwambia kwamba Liemba, meli yetu ya Kigoma, iliundwa mjini kwake mwaka 1913, ikapakiwa vipande vipande kwenye masanduku hadi kwetu mwisho wa reli, alidhani natafuta njia ya kupandisha bei.) Lakini walio wengi ni vyama. Hapa watu saba wakikubaliana jambo wanaweza kusajili chama. Saba ndiyo idadi inayotajwa na sheria. Na wakishasajili, wanataka tovuti. Kipo cha kuvusha vyura barabara wasikanyagwe na magari, kipo cha wazee wanaoimba kwaya, na vipo kadhaa vya kusaidia shule Tanzania. Hivi vya mwisho havichelewi kunipata. Habari husambaa kwamba yupo Mtanzania anayejua kompyuta, na habari hiyo ikifika kwenye kikao huwa imeshageuka: yupo Mtanzania atakayetufanyia bure.

Sifanyi bure. Nilifanya mwaka wa kwanza, nikaona kwamba kazi ya bure haina siku ya kukabidhi. Anayelipa euro mia nne anauliza maswali matatu, asiyelipa anauliza thelathini, na la thelathini huja Jumapili usiku. Bima ya afya nayo haijui kwamba ulikuwa unasaidia. Afadhali upo mfuko wa wasanii unaokubebea nusu ya michango, na wabunifu wa tovuti hupokelewa wakithibitisha kwamba kazi yao ni ya ubunifu kweli. Barua za kuthibitisha hilo zilinichosha kuliko ubunifu wenyewe. Kwenye kodi, mfanyabiashara mdogo asiyevuka kiwango fulani cha mapato kwa mwaka hatozi VAT. Mwaka 2025 kiwango hicho kilipanda kutoka euro 22,000 hadi 25,000. Habari hiyo niliisoma kwa utulivu wa mtu asiyehusika.

Ugomvi wangu na vyama hivi ni picha. Kimoja kilitaka ukurasa wa kwanza uwe na mtoto wa kijiji kimoja cha Tabora, miguu peku, kamasi puani. Nikauliza kama mama yake ameridhia. Kimya. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu inatumika tangu Mei 2018, na watu hao hao walikuwa wameniletea karatasi zilizosainiwa na wazazi kwa ajili ya wajukuu wao waliopigwa picha kwenye maonyesho ya chama. Wajukuu walikuwa watu. Wa Tabora alikuwa mandhari. Tukaweka picha ya darasa jipya na fundi akipiga lipu, na michango haikupungua.

Mwaka 2023 chama kingine kilinipigia simu kwa hofu: tovuti yao haifunguki. Mweka hazina wao, mzee mmoja mpole, alikuwa amefariki. Ndiye aliyesajili domeini, yaani jina la tovuti mtandaoni, kwa jina lake, akailipia kwa kadi yake, na neno la siri akaondoka nalo. Ilibidi mjane wake, akiwa bado kwenye msiba, asaini fomu na kuambatanisha cheti cha kifo ndipo jina lihamishwe. Ilichukua wiki tano. Siku ya kukabidhi niliwapa mhadhara. Domeini iwe ya chama. Barua pepe iwe ya chama. Neno la siri lijulikane na watu wasiopungua wawili. Niliongea vizuri, nakumbuka walitikisa vichwa.

Sasa mama mdogo.

Mama mdogo anaanika dagaa Kibirizi, Kigoma, yeye na wenzake kumi na wanane, wana kikundi. Nilipokwenda likizo mwaka 2022 niliwatengenezea tovuti. Nilikuwa na mawazo ya kurasa tano, historia ya kikundi, maono, dhima. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mnunuzi wa dagaa anataka dhima?"

"Anataka nini, mama mdogo?"

"Bei. Na namba ya simu, iandike kubwa kama bango la daktari wa kienyeji."

Ukawa ukurasa mmoja: namba, bei ya wiki, picha ya vichanja ili mnunuzi aone dagaa hawaanikwi mchangani. Picha ya simu inaweza kufika megabaiti nne. Nilizipunguza hadi kila moja ikawa chini ya kilobaiti 100, kwa sababu mteja aliye njiani na bando la mwisho hawezi kusubiri. Ukurasa mzima ulikuwa mwepesi kuliko picha moja ilivyotoka kwenye simu. Nasema kweli, ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizofanya Ulaya. Nilipowaeleza kwamba Ujerumani sheria inanilazimisha kuweka jina langu na anwani ninapoishi kwenye tovuti yangu, walicheka. "Hata wanaokudai waone?"

Halafu nikarudi Münster.

Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, miezi mitatu kuanzia tarehe 15, samaki wapate kuzaliana. Mama mdogo akanitumia ujumbe wa sauti: wateja wa Dar na wa ng'ambo Kongo wanapiga simu kutwa, tuandikie pale kwamba ziwa limefungwa, dagaa waliopo ni wa stoo na bei imebadilika. Nikafungua ukurasa. Haupo. Kadi niliyolipia domeini ilikuwa imekwisha muda, na barua za kukumbusha zilikwenda kwenye anwani ya zamani niliyoacha kuifungua. Jina limesajiliwa kwangu. Neno la siri ninalo mimi tu. Nilikuwa yule mzee mweka hazina, tofauti ni kwamba nilikuwa hai.

Nilikaa siku nzima kabla ya kupiga simu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umeandika?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mjane na cheti cha kifo. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliuliza tu: "Kumbe ilikuwa na ufunguo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukaondoka nao. Sisi pesa za kikundi tunaweka kwenye sanduku lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayefungua peke yake. Miaka yote haijapotea hata shilingi. Ungesema tu kuna ufunguo."

Sikuwahi kuwaambia. Wajerumani niliwapa mhadhara, wa kwetu nikawafanyia. Nadhani niliona nawapunguzia mzigo.

Bahati nzuri jina halikuchukuliwa na mtu. Tukalisajili upya kwa wakala wa Dar es Salaam anayepokea malipo kwa simu, safari hii kwa jina la kikundi na kwa pesa ya kikundi, wakagoma nisichangie. Katibu wao, binti mwenye simu nzuri, alifungua barua pepe ya kikundi. Jioni tatu mfululizo nilimwelekeza kwa simu ya video namna ya kuingia na kubadilisha bei, mara mbili mtandao ukakatika tukaanza upya. Neno la siri waliliandika kwenye daftari, daftari likaingia sandukuni.

Katikati ya Agosti, ziwa lilipofunguliwa, nilichungulia ukurasa asubuhi kabla ya chai. Juu kabisa, katikati ya nafasi nyeupe niliyoipimia kwa siku mbili, palikuwa na herufi kubwa nyekundu: ZIWA LIMEFUNGULIWA DAGAA WAPO KARIBUNI WOTEE. Picha ya vichanja ilikuwa imesukumwa pembeni. Namba ya simu ilikuwa imeongezwa ukubwa.

Sikugusa kitu. Hata ningetaka, sikuwa na neno la siri.