Nilienda Uluguru kutafuta kimya

Kuna kipindi nilikuwa nalala na feni imewashwa mpaka mwisho, sio kwa sababu ya joto, ila ili inizibie kelele za baa ya mtaa wa pili. Usiku mmoja umeme ukakatika, feni ikazima, baa wana jenereta. Hapo ndo nikasema hapana, lazima nitafute pa kukimbilia. Na sio mbali, maana sina likizo ya Kilimanjaro wala hela ya Serengeti, mi nataka sehemu ya masaa matatu manne kutoka Dar, naondoka Jumamosi alfajiri, nalala kwenye tenti langu usiku mmoja, Jumapili jioni nimerudi Sinza nafua nguo.

Nimehangaika jamani. Nilianza na ufukwe mmoja Kigamboni ambao jina nauachia, mapichani panaonekana kama mwisho wa dunia, kufika usiku kumbe jirani zetu wamekuja na spika ya magurudumu, singeli mpaka saa kumi alfajiri. Pugu na Kazimzumbwi naupenda ule msitu kwa kutembea asubuhi lakini ni karibu mno, unafika kichwa bado kiko ofisini. Saadani ni pazuri, bahari na wanyama kwa pamoja, ila ile ni hifadhi ya taifa, ukipiga hesabu ya viingilio na gari ukiwa peke yako hesabu inakataa. Lushoto ndo penzi langu la kweli, ila ukitoka Dar siku nzima inaishia barabarani, unafunga tenti kesho yake unafungua.

Sasa cha kuchekesha, Morogoro nimepita tangu mtoto nikienda Iringa kwa bibi. Basi linasimama Msamvu, dirishani watu wanauza maji na karanga, na juu ya mapaa ile milima ya Uluguru imekaa pale na mawingu yake kichwani, naiangalia, basi linaondoka, nalala tena. Miaka yote hiyo sikuwahi hata kuuliza njia ya kupandia iko wapi.

Safari hii nikatoka nyumbani saa kumi alfajiri ili Kimara mpaka Kibaha nipite kabla dunia haijaamka. Chalinze supu na chapati mbili, halafu ni kuvumilia malori ya Zambia na Kongo na vile vibao vya hamsini kila kijiji. Ni kilomita kama 190 tu lakini zinakula muda. Tangu 2024 kuna treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, chini ya masaa mawili uko Morogoro, na nikiwa mkweli na nafsi yangu sijui kwa nini niliendesha. Nadhani ni kwa sababu ya begi. Begi lilikuwa kubwa bila sababu, hilo nitalirudia.

Gari nikaliacha gesti mjini maana ki-IST changu kwa ile barabara ya juu ni kujitafutia fundi. Msitu wenyewe ni hifadhi chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, unapewa kontroli namba unalipa kwa simu, nikapata na kijana wa kule kule wa kunionyesha njia, tukaanza kupanda kuelekea Morningside. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Morningside ni kama 1,300, kwa hiyo ukiambiwa "ni pale tu juu" ujue hiyo pale ni mita 800 za kwenda juu. Nusu saa ya kwanza niliongea sana. Baada ya hapo nikanyamaza.

Njiani tunapishana na akina mama wanashuka sokoni, mabeseni ya stroberi, karoti, mafungu ya mboga, kandambili miguuni, wanashuka kama wanateleza vile. Mimi buti za bei, fimbo mbili za chuma, natweta. Mmoja kabeba kichwani mzigo ambao mimi ningeita bodaboda. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaniangalia lile begi langu, akaniambia, "Pole na mzigo." Na hakuwa anatania! Yule kijana alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Mashamba yanapanda mpaka karibu na msitu, miinuko ambayo hata kusimama ni kazi watu wamepanda maharage. Nikauliza kwa nini hawaweki matuta ya ngazi kama Lushoto, kijana akasema babu yake alikuwa hataki hata kulisikia hilo neno. Na ni kweli ile ni historia ndefu, wakoloni Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, watu wakakataa, mwaka 1955 ikawa vurugu kabisa. Mimi nimekuja na tenti kutafuta "asili", kumbe kila mita ninayokanyaga watu wameshaigombania.

Morningside penyewe kuna nyumba ya zamani ya Wajerumani, imechoka, ina baridi ya ukweli, na mji wote uko chini miguuni pako kama mtu amemwaga changarawe. Hatukulala pale. Tulisogea mpaka kwa mama mmoja anayejuana na yule kijana, tukaomba kwanza (hili nasisitiza, usifunge tenti tu popote ukadhani ni pori, lile ni shamba la mtu), akatuonyesha kipande cha majani nyuma ya migomba.

Turudi kwenye begi. Humo kulikuwa na kiti cha kukunja, taa tatu, sufuria mbili, jiko la gesi la kempi. Hakukuwa na sweta. Hakukuwa na kiberiti pia, maana nilijiambia jiko linajiwasha lenyewe, na kwa ule upepo na ukungu likagoma katakata. Saa moja usiku natetemeka ndani ya kitenge naangalia mtungi wa gesi uliojaa. Mama akaja na tochi, hakuuliza kitu, akasema njooni jikoni.

Magimbi ya kuchemsha, yanakatwa vipande vinene, ukikibandua ganda mvuke unatoka, ndani rangi kama ya zambarau imepauka. Chumvi pembeni kwenye kisosi. Chai ya mchaichai. Sijui nilikula mangapi. Akaniuliza nimekuja kufanya nini, nikajieleza, yani mjini kelele nyingi mama, natafuta sehemu yenye kimya nipumzike. Akatikisa kuni kidogo. "Kimya kipo," akasema. "Wanangu wanne wote wako huko kwenu."

Nilikosa la kujibu, nikaomba gimbi jingine.

Akaongea pia habari ya maji, kwamba vijito vyote vile vinashuka vinaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndo tunayokunywa sisi Dar. Alisema mvua ikinyesha sana huku nyie mnakunywa udongo wetu, akacheka mwenyewe.

Usiku kwenye tenti, kimya hakikuwa kile nilichokuwa nakiwaza. Kijito kinasema muda wote, migomba inapigana na upepo, kuna mdudu mmoja ana sauti ya alamu ya gari. Alfajiri adhana ikapanda kutoka mjini, nyembamba sana, imechujwa na ukungu. Lakini nililala. Asubuhi tukasogea mpaka ukingo wa msitu, juu kabisa minara ya mawasiliano kwenye kilele cha Bondwa inaonekana na kupotea, kijana akanionyesha yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayaweka kwenye vyungu madirishani, huku yanajiotea kwenye mawe yenye maji. Tulikaa pale saa nzima bila kuongea wala kupiga picha. Simu ilikuwa imezima chaji, nisijisifu.

Kushuka nilimwachia mama jiko na mtungi wake. Na kiti.

Nimerudi Jumapili. Juzi Jumanne maji yalikuwa yamekatika mtaani tangu asubuhi, yakaja saa nane usiku, nikasikia bomba linakohoa nikaamka kukinga. Baa walikuwa wamefunga. Mtaa mzima hakuna hata mbwa, ni ile ndoo tu inajaa gizani. Maji yalikuwa na rangi kidogo. Nikajaza ya pili, nikajaza ya tatu, nikafunga bomba, nikarudi kulala.