Miaka Mitano ya Kompresa

Mwaka 2015 nilikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha chupa za plastiki kandokando ya Barabara ya Nyerere, jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimekwisha kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu, na kwa mtazamo wa watu wa rika langu hatua iliyobaki ilikuwa shahada ya uzamili. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa ni shahada ipi, na Jumamosi baada ya kazi tuliurudia mpaka mhudumu wa mgahawa akaufahamu. Kulikuwa na kambi mbili: waliotaka MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na waliotaka Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Uhandisi inayotolewa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja wa kambi ya kwanza alisema bila kuona haya kwamba anaifuata MBA kwa kuwa matangazo ya kazi za umeneja yanaitaja. Sikumdharau. Mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto ana haki ya kusoma tangazo la kazi kabla ya kusoma mtaala.

Mimi niliegemea Usimamizi wa Uhandisi, na yumkini ningejiandikisha huko kama si kikao kimoja cha bajeti.

Kiwandani kwetu chupa hutengenezwa kwa kupasha moto vijichupa vinene viitwavyo prifomu, kisha kuvipuliza ndani ya kalibu kwa hewa yenye mgandamizo unaoweza kufika baa 40, yaani kama mara arobaini ya ule wa hewa ya kawaida. Hewa hiyo hutoka kwenye kompresa, mashine ya kugandamiza hewa, na kompresa hula umeme kuliko mashine nyingine yoyote katika jengo. Yetu ilikuwa imechoka: vali zilivuja, mabomba yalitetemeka, na ankara ya umeme ilizidi kupanda ilhali idadi ya chupa haikuongezeka. Nikaandaa pendekezo la kununua mpya. Bei yake, pamoja na kuifunga, ilikuwa shilingi milioni 100, na kwa vipimo nilivyovichukua mwenyewe ingeokoa umeme wa kama milioni 30 kila mwaka. Niliandika kwamba fedha itakuwa imerudi katika muda wa miaka mitatu na miezi michache, nikaona kazi imekwisha.

Meneja wa fedha hakupinga hata kipimo kimoja. Aligeuza kompyuta yake ili wote tuone jedwali, akaingiza milioni 30 katika miaka mitano mfululizo, kisha akaigeuza kila moja kuwa thamani ya sasa, maana fedha ya kusubiri si sawa na ya leo: aliigawanya kwa 1.18 mara moja kwa kila mwaka wa kuisubiri, kwa kuwa asilimia 18 ndiyo riba ambayo benki ilikuwa ikitutoza kwa mkopo. Milioni 30 ya mwaka wa kwanza ikawa milioni 25 na ushei. Ya mwaka wa tano ikabaki chini ya milioni 14. Jumla ilikuwa karibu milioni 94. “Injinia,” aliniambia kwa upole, “unatuomba tutoe mia ili tupate tisini na nne.” Mkurugenzi akafunga faili, na kikao kikahamia kwenye magari ya usambazaji.

Usiku ule nililirudia jedwali lake kwa mkono. Hesabu zilikuwa sahihi. Kilichonisumbua ni ile miaka mitano, maana kompresa ya aina ile ikitunzwa hufanya kazi miaka kumi na zaidi, na ile ya zamani tuliyokuwa tukiilalamikia ilikuwa imepita umri huo. Nikaongeza safu nyingine tano kwa asilimia ileile 18: jumla ikafika karibu milioni 135. Pendekezo lililokataliwa kwa hasara ya milioni sita lilikuwa na faida ya takriban milioni 35, na tofauti yote ilitokana na mahali mtu alipoamua kukatia jedwali.

Asubuhi nilimfuata ofisini kwake, nikamwuliza: “Dada, hii mitano ulitoa wapi?” Alishangaa kidogo kwamba silijui jambo hilo. Mkopo wa mashine, alisema, benki hutupa kwa miaka mitano, kwa hiyo kila mradi wa mashine hupimwa kwa miaka mitano. Alikuwa hajui kompresa huishi muda gani, na hakuna aliyewahi kumwambia. Tulikuwa tumefanya kazi jengo moja kwa muda mrefu, ngazi moja tu kati yetu, yeye akiwa na umri wa mkopo na mimi nikiwa na umri wa mashine, wala hatujawahi kuziweka tarakimu hizo mbili kwenye karatasi moja.

Baada ya hapo niliitazama upya ile mitaala miwili. Wa Usimamizi wa Uhandisi ulikuwa mzuri, na bado naamini hivyo: usimamizi wa miradi, ubora, matengenezo, uchumi wa uhandisi, mambo ambayo ningeyatumia kesho yake. Siku nilipokwenda Mlimani kuulizia, wanafunzi niliozungumza nao ukumbini walikuwa watu wa barabara, wa maji, wa umeme na wa migodi. Nilijisikia nyumbani, na hilo ndilo lililonifanya nisite. Hesabu ya thamani ya sasa ningefundishwa huko pia, tena pengine kwa ukali zaidi. Ila ningefundishwa nikiwa nimeketi na watu wanaojua tayari kwamba kompresa huishi miaka kumi. Nikachagua MBA, kwa kuwa niliwahitaji watu wa upande wa pili wa meza, maafisa wa mikopo, wahasibu na wanunuzi, waniulize maswali ambayo mhandisi mwenzangu hawezi kuniuliza.

Mhandisi mkuu wetu hakupendezwa. Alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, aliyehitimu Mlimani katika miaka ya mwanzo ya Kitivo cha Uhandisi, ambacho kilianzishwa mwaka 1973, na kwake kila mhandisi aliyekwenda kusoma biashara alikuwa ameikimbia fani. “Kijana wangu,” alisema, “nchi haina wahandisi wa kutosha, na wewe unataka kwenda kuwa karani mwenye tai.” Sikumjibu, si adabu, na pia alikuwa na hoja, kwani nimewaona wengi wakipata MBA na kutoshika spana tena. Nilimwomba tu aniandikie barua ya udhamini. Aliiandika, na karibu yote ilihusu uhodari wangu wa kunyoosha mihimili ya mashine zinazozunguka.

Kuchagua chuo kulichukua muda mfupi kuliko kuchagua shahada. MBA ya masafa kutoka Uingereza ilinivutia kwa kuwa ningesomea nyumbani, lakini ada ilikuwa ya fedha za kigeni, na mwaka ule shilingi ilikuwa imeporomoka kutoka takriban 1,700 kwa dola moja hadi kuvuka 2,000. Isitoshe, kusomea nyumbani kungeninyima wale watu niliowataka darasani. ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi iliyoko Arusha, ina sifa, ila mimi sikuweza kuondoka kiwandani. Zikabaki programu za jioni za Mlimani na za Mzumbe, ambayo ina kampasi hapa Dar es Salaam, Upanga.

Hapo barabara ndiyo iliyoamua. Kutoka kiwandani hadi Mlimani jioni ilinibidi nivuke makutano ya Tazara na yale ya Ubungo. Wakati huo hapakuwa na barabara ya juu hata moja. Ile ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018. Askari wa usalama barabarani aliyesimama katikati aliweza kuzuia upande mmoja mpaka watu wazime injini na kununua karanga. Upanga, kinyume chake, ni kuelekea mjini saa ambayo jiji zima linatoka. Wapo watakaosema kwamba si busara kuchagua chuo kwa kuangalia foleni. Wasemao hivyo hawajawahi kuingia darasa la takwimu nusu saa baada ya mwalimu kuanza, huku mikono ikinuka grisi.

Mzumbe haikuwa ngeni kwa kazi niliyoitaka. Kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001 ilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mizizi yake ni shule ya mwaka 1953 ya kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa, kwa hiyo darasani ningekutana na maafisa wa halmashauri, watu wa mabenki na wa mashirika ya umma.

Kiwanda kilijitolea kulipa nusu ya ada, kwa sharti kwamba nikihitimu nisiondoke kwa miaka mitatu. Mke wangu alisoma mkataba ule kwa makini kuliko nilivyousoma mimi, akauliza kama kuna mahali panaposema nitahamishwa kitengo au kuongezwa cheo. Hapakuwepo. Nusu ya ada ilikuwa fedha nyingi kwetu, lakini kufungwa miaka mitatu katika karakana ileile, nikiwa na elimu ambayo hawakuahidi kuitumia, kulikuwa ghali zaidi. Nilirudisha mkataba bila sahihi, nikaenda benki kulipia awamu ya kwanza mwenyewe.